Mvita kwa Magurudumu

NDUGU msomaji, ukisikia mtu wa bara amekwenda Mombasa likizo ya wiki mbili akarudi kwao amenenepa, usimcheke. Kisiwa hiki hulisha. Alfajiri, kabla hujaosha uso vyema, mahamri yamekwisha kutoka mafutani na mbaazi za nazi zatokota jikoni. Saa nne ni viazi karai na ukwaju. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, jioni mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu kando ya bahari, na usiku, ukipita mahali ambapo makaa yamewaka, mishkaki. Mgeni atarudi kwao, atapanda vilima vyake, na mwili utarejea ulivyokuwa. Lakini je, yule ambaye ni mwenyeji wa hapa na miguu yake haimtii?

Mimi ni mmoja wa hao. Polio ilinikuta nikiwa mtoto mdogo, ikanichukulia mguu wa kulia na kuudhoofisha wa kushoto, na tangu hapo nimekwenda kwa magongo mawili. Miaka hii ya karibuni nimeongeza kiti cha magurudumu kwa masafa marefu. Sisemi haya ili nihurumiwe. Huruma, kama utakavyoona, ndiyo iliyoninenepesha. Nasema kwa sababu leo nataka nikutembeze Mvita kwa kimo cha mtu aliyeketi, na kwa macho ya mtu ambaye kilo zake zilikuwa zimezidi nguvu za mabega yake.

Mamangu anakaa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, katika nyumba ya wazee wetu, na chumba chake kiko juu. Ukifika utaziona nyumba hizo: kuta nene za mawe ya matumbawe, mlango wa mbao nzito, kisha gizani ngazi nyembamba inayopanda karibu wima. Ya kwetu ina vidato 19. Nilipokuwa kijana nilivipanda kwa gongo moja, mkono wa pili ukutani. Baadaye nikawa napanda kwa kukaa: naketi kidato cha kwanza, najiinua kwa mikono hadi cha pili, kinyumenyume, hivyo hivyo hadi juu. Haikuwa na haiba, lakini nilifika. Kisha Idi moja, nilipofika kidato cha 7, bega la kulia likakataa kabisa. Mamangu, aliyekwisha kupita miaka 80 na ambaye magoti yake hayamruhusu kushuka, alitoka akasimama juu ya ngazi. Mimi nimekaa chini. Tukapeana Idi kwa sauti, kama mtu aliye jahazini na mtu aliye pwani. Vijana wanne wa mtaani walikuja kunibeba. Ngazi yenyewe hupitisha mtu mmoja na nusu.

Daktari niliyemwendea hakuzunguka. "Mzee, mabega yako ndiyo miguu yako," alisema, "na umeyatwika mzigo usio wao." Alinieleza kwamba anayetembea kwa magongo hupitisha uzito wa mwili katika viganja na mabega kila hatua, na anayesukuma kiti hufanya vivyo hivyo kila anaposukuma na kila anapojihamisha kitandani au chooni. Bega likiharibika, mtu wa namna yangu hupoteza yote mawili, kutembea na kusukuma. Kwa hiyo kupungua kwangu hakukuwa suala la suruali kutofunga kiunoni.

Swali likawa: nina kilo ngapi? Hapa nitacheka kidogo. Katika zahanati moja niliambiwa nipande mizani. Mtu anayeegemea magongo hupimwa yeye au hupimwa magongo? Nilijaribu kusimama bila kushika, nikayumba, muuguzi akanidaka, na katika kisanduku cha uzito akaandika kistari. Miaka mingi nilikuwa nikiandikiwa kistari hicho. Nilipata uzito wangu kwa mara ya kwanza katika ghala la nafaka na viungo karibu na Marikiti, lile soko la zamani lililoitwa Mackinnon, kwenye mizani ya chini ya kupimia magunia. Nilisukumwa juu nikiwa kitini, wakasoma, kisha nikakaa kwenye gunia la mchele, kiti kikapimwa peke yake, tukatoa. Kilo 95. Hamali mmoja, aliyezoea gunia la mahindi la kilo 90, alipaza sauti: "Gunia na kilo tano juu!" Soko zima likajua.

Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna anayetumia kiti, njia ni hiyo: mpime na kiti, pima kiti, toa. Wala usiisadiki sana ile chati ya ukutani inayolinganisha urefu na uzito. Ilitengenezwa kwa watu wenye miguu miwili iliyojaa nyama. Mguu uliokonda kwa polio au kupooza hauna misuli ya kawaida, basi mtu anaweza kuonekana ana uzito wa wastani kumbe tumbo limejaa mafuta. Asiyeweza kusimama urefu wake hukadiriwa kwa kupima mikono iliyonyooshwa huku na huku, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Na kwa kuwa misuli ni michache, mwili huo huhitaji chakula kidogo kuliko wa ndugu yake anayekimbia, ingawa wote wawili huwekwa mbele ya sinia moja.

Hapo ndipo penye shida ya mji wetu. Katika Mji wa Kale chakula ni salamu. Jirani akipika hukuletea sahani iliyofunikwa kawa, na sahani hairudishwi tupu. Mwezi wa Ramadhani ndio usiseme: kaimati, vitumbua, tambi, sambusa, kila nyumba na yake. Sasa chukua desturi hiyo uiongezee huruma. Tangu utotoni, wenzangu walipotumwa dukani na kisimani, mimi niliambiwa, "Wewe kaa, mwanangu, usijichoshe," na mkononi nikatiwa kashata. Wao walipokwenda kuogelea nililetewa bajia ili nisilie. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini hesabu ni hesabu: yule asiyeruhusiwa kusogea ndiye aliyelishwa zaidi, na watu wazima wakashangaa mbona kiwete wetu ananenepa.

Sikuacha chakula cha kwetu, na asikwambie mtu kwamba lazima ule majani. Nilibadilisha vipimo. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, nacho hunywewa na hamri au karai bila mtu kukiona. Nazi nayo, bibi zetu walikuwa wameshaigawa: kuna kasimele, tui zito la kwanza, na kuna tui jepesi linalofuata. Mbaazi huiva vizuri kwa tui jepesi, na kasimele ukaitia kijiko mwishoni kwa harufu. Samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga. Pweza, ambaye ana nyama nyingi na mafuta kidogo. Dafu badala ya soda, kwani chupa ya mililita 300 ya soda ina karibu vijiko vidogo vinane vya sukari. Kahawa chungu nilibaki nayo. Halwa iliyoandamana nayo niliiaga, nikaitembelea Ijumaa tu. Kugumu zaidi kulikuwa kumwambia jirani ahsante na kula robo ya sahani. Mmoja alinuna wiki tatu.

Na sasa twende matembezi, maana chakula peke yake hakikunitosha.

Tuanzie Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, ikawa makumbusho, na 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wanaoijua ramani yake husema ina umbo la mtu aliyelala chali, kichwa, mikono na miguu. Huwa nafurahi kwamba jengo kongwe la kisiwa chetu ni mtu aliyelala na halijawahi kuambiwa lisimame. Mlangoni pana mwinuko unaohitaji msaada wa mkono mmoja nyuma ya kiti. Ndani ua ni mpana na waweza kuuzunguka. Kuta za juu waachie wenye miguu.

Ukitoka hapo shika barabara ya Mbarak Hinawy kuingia mjini. Watu hudhani Mji wa Kale ndio mahali pabaya kwa mwenye kiti, kwa sababu ya vichochoro. La hasha. Mji mpya ndio mbaya. Kule kando ya Digo Road ukingo wa njia ni wa juu kama goti, mwenye duka ametandaza mitumba juu yake, mtaro hauna kifuniko, na matatu imepanda palipobaki. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali pa umma na kutumia usafiri wa umma. Nimeisoma kwa sauti mbele ya kondakta. Aliniambia ni nzuri, akaondoa gari.

Huku Mji wa Kale njia ni finyu, magari ni machache na huenda polepole, na kivuli cha roshani hukaa upande mmoja au mwingine mchana kutwa. Siri yake nilifunzwa na hamali wale wale walionipima: fuata mkokoteni. Mahali mkokoteni wenye magunia unapopita, kiti kitapita. Pale hamali anapozunguka, nawe zunguka, kwani amegundua kidato au shimo ambalo wewe hujaliona. Tangu nishike kanuni hiyo sijaanguka ila mara moja, na hiyo ilikuwa kosa la paka.

Jambo la pili ni baraza. Nje ya nyumba nyingi pana kiti cha jiwe kilichojengewa ukutani, mahali wazee wanapoketi kuzungumza na kunywa kahawa. Kwa mtu mwenye polio hilo ni dawa. Madaktari wanajua kwamba waliougua utotoni waweza, baada ya miaka 15 au hata 40 ya utulivu, kupatwa na udhaifu mpya wa misuli, na anayejitesa kwa mazoezi hadi achoke kabisa hujidhuru. Sisi twatakiwa kwenda kidogo, kupumzika, kwenda tena. Niambie, ni mji gani mwingine umejenga mahali pa kupumzika kila baada ya nyumba chache, na juu yake ukaweka mtu wa kuongea naye? Safari yangu ya kwanza ilifika baraza ya tatu. Mwezi wa pili nilifika Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa 1570. Mwezi wa nne nilifika uwanja ulio karibu na Bandari ya Kale, ambako siku hizi majahazi ni machache lakini harufu ya samaki na lami ya kale ingalipo. Ngazi za Leven zinazoshuka majini, zilizopewa jina la manowari ya Kiingereza iliyofika hapa miaka ya 1820, naziangalia kutoka juu. Si kila kitu lazima nikifike.

Kwa mwendo mrefu nenda Mama Ngina Drive, upande wa mlango wa Kilindini. Pahali pale palitengenezwa upya, na sherehe za Mashujaa za Oktoba 2019 zilifanyika hapo. Kuna njia pana, tambarare, mibuyu mikubwa, na upepo wa bahari usoni. Meli kubwa hupita karibu sana hata watoto huwapungia mabaharia. Hapa ndipo nilipojifunza kusukuma kiti kwa mikono mirefu badala ya vidukuo vifupi vifupi, jambo ambalo mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinisisitizia kwa ajili ya bega. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, liliwataja waziwazi watu wenye ulemavu kwa mara ya kwanza: dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa anayeweza, na asiyefika afanye anachoweza. Mimi nilianza na dakika 10 kwa siku.

Nenda mapema, baada ya Swala ya alfajiri, urudi kabla ya saa mbili. Hasa miezi ya kaskazi, jua la Mombasa si la kuchezea. Wapo waliovunjika uti wa mgongo ambao mwili wao hautoi jasho chini ya pale palipoumia. Hao hupatwa na joto bila kujua, basi wachukue maji na kitambaa kilicholowa. Na anayekaa kitini asiyehisi makalio ajiinue au ainamie mbele kila robo saa, nusu saa isipite, maana kidonda cha kukaliwa huja kimya. Huyo pia asipungue haraka. Nyama ikiisha ghafla juu ya mfupa, kidonda hupata njia.

Kasoro ya Mama Ngina ni moja: ukishamaliza zoezi, mihogo ya kukaanga inakungoja. Nimeifikiria sana njama hiyo. Suluhisho langu ni kutochukua pesa za zaidi ya dafu moja.

Likoni nakwenda mara chache. Feri yenyewe ni bure kwa waendao kwa miguu, na kwa magurudumu vilevile, lakini mteremko wa kuingilia hubadilika na bahari. Maji yakijaa ni mwinuko mdogo. Maji yakipwa, hususa siku za bamvua, huwa kilima, na nyuma yako pana watu mia kadhaa wenye haraka. Uliza wavuvi saa za maji kabla hujaondoka nyumbani.

Usidhani mambo haya ni ya mtu mmoja mwenye kichwa kigumu. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo cha Kenya, kijulikanacho kwa herufi APDK, kiliundwa 1958, na ng'ambo ya daraja la Nyali kilianzisha karakana za Bombolulu mwaka 1969, ambako walemavu wenyewe walifanya kazi za mikono, zikiwemo mapambo ya shanga na viti vya magurudumu. Na yule dada Anne Wafula Strike, aliyezaliwa magharibi mwa Kenya na kupatwa na polio utotoni, aliiwakilisha nchi yetu katika mbio za viti vya magurudumu kwenye Paralimpiki za Athens 2004. Nilipomtajia mamangu habari hiyo aliuliza kama huko Athens walimpa chakula cha kutosha.

Miezi 14 baadaye nilirudi kwenye ghala lile. Hamali walinisubiri kwa hamu kana kwamba mimi ni karafuu. Mara mbili katikati uzito ulikuwa umepanda, mara moja kwa sababu ya Ramadhani na mara moja kwa sababu ya arusi tatu ndani ya wiki mbili, kwa hivyo sikutarajia makubwa. Tulipotoa kiti, zilibaki kilo 84. Yule mwenye sauti alitangaza kwamba gunia limetoboka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kibokoni, nikaegemeza magongo mlangoni, nikageuka, nikaketi kidato cha kwanza. Nilipumzika cha 7, kwa heshima ya bega. Nikapumzika tena cha 12, nikasikia mamangu juu amezima redio. Cha 19 nilikifikia nimelowa jasho, na yeye amesimama mlangoni mwa chumba chake, mkono ukutani. Aliniangalia toka kichwani hadi kiunoni.

"Mbona umekonda hivi, mwanangu?" akasema. "Ndoo ule."

Mahamri yalikuwa tayari juu ya meza. Nilikula moja, na jingine alinifungia kwenye karatasi nishuke nalo.